Radi ya jana, Tampa

Jana jioni radi imepiga mwaloni wa jirani. Maji yaliyomo ndani ya mti huchemka ghafla, basi gome limepasuka kutoka juu hadi mizizini, vipande vimerushwa mpaka barazani kwetu. Ruta ya intaneti imeungua, friji kimya. Shemeji alikuwa anaosha vyombo, mkono ukamfa ganzi hadi begani, maana umeme wa radi hupita hata kwenye mabomba. Hospitali wamempima moyo, yuko salama, alhamdulillahi.

Na ile habari kwamba aliyepigwa na radi asiguswe, nani aliileta? Mwili haubaki na umeme! Akiwa hapumui, mkandamizeni kifua papo hapo huku mwingine anapiga 911, namba ya dharura ya huku Marekani.

Florida kiangazi ndio msimu wenyewe. Leo nimeshachomoa kila kitu ukutani.