Bure na huru ni maneno mawili

Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11 alikuja kukaa nasi Tanga wakati wa likizo. Jioni moja intaneti ilikatika, naye akaiacha kompyuta imewaka, akanifuata barazani. Mchezo wake wa magari ulikuwa umegoma. "Mjomba," aliniuliza, "mimi nacheza peke yangu, sishindani na mtu. Mchezo unataka intaneti ya nini?" Nilimweleza kwamba kila anapoufungua, mchezo ule huiuliza kwanza seva ya kampuni, iliyo nchi za mbali, kama anayo ruhusa ya kucheza, na jibu lisiporudi haufunguki. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike leo: "Kwani baba hakuununua?"

Baba yake aliununua, na risiti ipo. Lakini kilichonunuliwa ni ruhusa ya kuutumia mchezo kwa muda ambao kampuni yenyewe itaona unafaa, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa siku yoyote bila mnunuzi kuulizwa. Jambo hili si la kufikirika. The Crew, mchezo wa mbio za magari ambao kampuni ya Ubisoft iliutoa mwaka 2014, ulizimwa moja kwa moja tarehe 31 Machi 2024; kwa kuwa hata sehemu ya kuchezwa na mtu mmoja ilitegemea seva, diski zilizonunuliwa madukani hazikuweza tena kufungua chochote. Mwaka huohuo Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games (Acheni Kuua Michezo), na kufikia Julai 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita sahihi milioni moja. Wanaotia sahihi hawadai seva ziendeshwe milele. Wanataka kampuni inapoamua kuondoka iuache mchezo katika hali ambayo aliyeununua anaweza kuendelea kuucheza, na mimi naona hilo ni dai la haki kabisa.

Chukua sasa mfano wa upande wa pili. Doom, mchezo wa kufyatua risasi, ilitoka Desemba 1993, ikihitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 4. Desemba 1997 kampuni ya id Software, iliyoutengeneza, iliweka hadharani msimbo wake, yaani maandishi ya maagizo ambayo mchezo umejengwa kwayo, na mwaka 1999 ikautoa upya chini ya leseni ya GPL, ambayo inamruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Picha, sauti na ramani zilibaki kuwa mali ya kampuni, lakini wapenzi wa mchezo huo walianzisha mradi wa Freedoom na kuchora zao, moja baada ya nyingine. Kompyuta yangu ya mtumba, ambayo mwenye duka aliniambia kwamba haifai tena kwa Windows za siku hizi, ina Debian ndani yake, mfumo endeshi wa familia ya Linux unaokaa mahali pa Windows, na Doom inakwenda humo bila kukwama, umri wake ukiwa umepita miaka 30. Kampuni ile ingefungwa kesho, mchezo huo usingetikisika.

Watu wakinisikia nikisema haya huniambia kwamba napenda vitu vya bure. Hapa ndipo Kiswahili kinaponipa nguvu. Mwandishi wa programu Richard Stallman alipotangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuunda mfumo endeshi ulio huru, alianza kazi ambayo hadi leo inamlazimu yeye na wenzake kufafanua kwamba neno la Kiingereza wanalotumia, free, halihusu bei, kwa sababu lugha hiyo ina neno moja tu kwa yote mawili. Sisi tunayo mawili. Cha bure ni kile usichokilipia, na neno hilohilo ndilo tunalotumia kwa kazi iliyopotea. Huru ni yule asiyemilikiwa na mwingine, na kutoka hapo tumepata jina la programu huria. Simu za vijana zimejaa michezo ya bure isiyo huru hata kidogo: imefungwa, inawafuatilia, inawaonyesha matangazo kila baada ya dakika mbili, na hakuna anayeweza kuona imeandikwa nini ndani. Kinyume chake, mtu anaweza kuuza programu huria na leseni ya GPL haimkatazi. Kwa hiyo ninapopima programu, swali langu la kwanza si bei yake. Nauliza kama ninaweza kuifungua.

Kwa miezi minne nimekuwa nikitafsiri menyu za mchezo mdogo wa mkakati, usiku baada ya kazi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa undani maana ya kuweza kufungua. Kazi yenyewe ni ya subira: faili lina maelfu ya mistari, kila mstari wa Kiingereza ukiwa na nafasi tupu chini yake. Siku ya kwanza nilikwama kwenye neno New. Limekaa peke yake, herufi tatu, na mchezo ulikuwa unalitumia mahali patatu tofauti. Mwingereza hapati shida yoyote. Mimi nitaandika nini? Mchezo ni mpya, jeshi ni jipya, kikosi ni kipya. Nikiandika "mpya", skrini mbili kati ya tatu zitasomeka kama zimeandikwa na mtu aliyeanza kujifunza Kiswahili jana.

Kama programu ile ingekuwa imefungwa, ningechagua kosa moja kati ya matatu na kuendelea. Kwa kuwa iko wazi, niliutafuta ule mstari ndani ya msimbo, nikaona mahali pote patatu unapoitwa, nikaandika ombi kwamba neno litenganishwe mara tatu, kila moja likiwa na maelezo ya muktadha wake. Mtunzaji wa mradi, mtu wa nchi ambayo sijawahi kufika, alilikubali baada ya siku mbili.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Msimbo ulikuwa unaunganisha sentensi vipande vipande: namba kwanza, jina likafuata, kisha kitenzi. Kwetu namba hufuata jina, na kitenzi hulitii jina: vikosi 3 vimeshindwa, askari 3 wameshindwa, majeshi 3 yameshindwa. Hakuna kipande cha "kushindwa" kinachoweza kubandikwa mwishoni mwa kila jina. Tulilazimika kuomba kila sentensi iandikwe nzima. Watafsiri wa Kirusi na Kiarabu walituunga mkono mara moja, kwa kuwa nao walikuwa wakivumilia tatizo lilelile kimyakimya. Mtafsiri aliyenitangulia alikuwa ameandika "Okoa" kwenye kitufe cha kuhifadhi mchezo, neno tunalolitumia kwa mtu aliye hatarini, nami nikaweka "Hifadhi". Haya ni mambo madogo ambayo mchezaji hatayaona kamwe yakiwa sawa, lakini yakiwa mabaya atajua kwamba mchezo huu haukutengenezwa kwa ajili yake.

Wala sikuanzia patupu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na waliofanya kazi ile walilazimika kukaa chini na kuamua maneno ambayo leo tunayatumia kana kwamba yalikuwepo siku zote. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu OpenOffice ilikuwa huria, na hakuna aliyehitaji kuwathibitishia wakubwa wa kampuni fulani kwamba wasemaji wa Kiswahili ni soko la kutosha.

Katika sayansi ninaona suala hili ni zito kuliko katika michezo, kwa sababu huko anayefungiwa mlango ni kila mtu anayetaka kujua kama jambo ni kweli. Tarehe 10 Aprili 2019 tulionyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi ya M87, lililo umbali wa miaka ya nuru milioni 55. Data ilitoka kwenye darubini 8 za redio na ilikuwa nyingi mno kupita kwenye intaneti, hivyo diski zilisafirishwa kwa ndege. Kinachonigusa zaidi ni namna walivyojilinda na udanganyifu wa macho yao wenyewe. Timu nne zilitengeneza picha kila moja kivyake, bila kuonyeshana, na ndipo zikalinganisha. Baadaye data na msimbo viliwekwa hadharani ili mtu mwingine aweze kurudia. Miongoni mwa zana walizotumia ilikuwemo Matplotlib, programu huria ya kuchora grafu. Aliyeianzisha, John Hunter, alikuwa mtafiti wa ubongo, na alihitaji kuona mawimbi ya umeme ya wagonjwa wa kifafa. Alifariki mwaka 2012. Zana aliyoitengeneza kwa ajili ya kifafa ikasaidia kuchora shimo jeusi miaka 7 baadaye, bila mtu yeyote kuomba kibali cha kuipeleka kutoka wodini hadi angani.

Helikopta ndogo ya Ingenuity ya shirika la anga la NASA nayo iliruka kwenye sayari ya Mirihi tarehe 19 Aprili 2021 ikiendeshwa na Linux, pamoja na F Prime, mfumo wa kuendeshea vyombo vya angani ambao JPL, maabara ya NASA, iliufanya huria mwaka 2017. Kichakataji chake kilikuwa cha aina iliyowekwa kwenye simu za mwaka 2014. Ilipangiwa kuruka mara 5, ikaruka mara 72 hadi Januari 2024. Mtandao wa GitHub ulipohesabu watu waliochangia programu huria zilizotumika kwenye kazi ile, ulipata karibu 12,000, na wengi wao hawakuwa na habari kwamba mstari wao umefika sayari nyingine. Na karibu zaidi na nyumbani upo mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS, ambao wazo lake lilizaliwa mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za VVU za Eldoret, Kenya.

Kwa hiyo utafiti unaponiletea hitimisho lililotokana na programu, huku programu yenyewe ikifichwa, siupokei kwa uzito uleule, hata kama walioandika ni watu wa heshima.

Pamoja na mapenzi yangu yote, kuna jambo linalonisumbua na sitaki kulipitia kando. Machi 2024 ilibainika kwamba xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, ilikuwa imewekewa mlango wa siri. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo, ndipo akapandikiza ubaya wake katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi Andres Freund aligundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kulichelewa takriban nusu sekunde kuliko kawaida, naye hakukubali kuipuuza nusu sekunde hiyo. Alitoa tangazo tarehe 29 Machi.

Wako wanaosema kisa hiki kinathibitisha ubora wa programu huria, kwa kuwa Freund aliweza kuchimba hadi akaona. Ni kweli aliweza. Lakini mtunzaji aliyeachwa peke yake miaka yote hiyo na mzigo ambao mabenki na makampuni makubwa ya dunia yameuegemea, huku akisukumwa na barua za kumlaumu kwamba anachelewa, ni aibu yetu sote tunaoitumia kazi yake. Makampuni yanayopata faida yanapaswa kulipa, na kulipa mara kwa mara. Sisi wenye mifuko midogo tunaweza kuripoti hitilafu kwa maelezo yanayoeleweka, kutafsiri, kujaribu matoleo mapya, na kumwandikia mtunzaji neno la shukrani pasipo kumwomba kitu.

Usiku ule intaneti haikurudi. Nilimfungulia mpwa wangu Battle for Wesnoth, mchezo huria wa vita vya zamu ulioanza mwaka 2003, ambao nilikuwa nao kwenye diski. Alishindwa vita vya kwanza na vya pili, akalalamika kwamba askari wake wa mkuki anakufa haraka. Nikamwonyesha faili la askari huyo, ambalo ni maandishi ya kawaida tu, na mstari unaosema hitpoints=36, yaani kiasi cha uhai wake. Alinitazama kama anayeomba ruhusa, akaifuta 36, akaandika 360. Vita viwili vilivyofuata alishinda bila jasho, kisha akarudi mwenyewe kwenye faili na kuandika 40.

Kabla ya kulifunga, macho yake yalisimama juu kidogo, kwenye mstari wa jina, ambapo kabla ya neno Spearman kuna kistari cha chini kilichosimama peke yake. Akaniuliza ni cha nini. Nikamwambia hiyo ni alama inayoiambia kompyuta kwamba neno hili linaweza kutafsiriwa.

"Sasa kwa Kiswahili anaitwa nani?"

Nilisogeza kiti, nikafungua faili la tafsiri, nikamwachia kibodi.