Mkanda wa kushoto: siku tatu Mwanihana

Begi la mgongoni likiletwa kwangu kushonwa, huwa najua limechanika wapi kabla sijaligusa. Ni pale juu, mkanda wa bega unapoungana na mgongo wa begi, na mara nyingi ni upande wa kulia. Nina miaka kumi na mitano kwenye cherehani hapa Morogoro, na mabegi ya watu wa milimani yamepita mengi mikononi mwangu. Kilichokuwa kinaniuma ni kwamba yalikuwa yanarudi. Nashona mistari minne kwa uzi wa nailoni, mteja anafurahi, baada ya miezi kadhaa analirudisha limechanika palepale, kando kidogo tu ya mshono wangu. Mtu amekuamini, amepanda mlima na kazi yako mgongoni, halafu imemwangusha. Nilikosa raha.

Kwa hiyo mdogo wangu aliposema anakwenda kupanda Mwanihana, nikamwambia tunakwenda wote, na mzigo wangu nabeba mwenyewe.

Mwanihana ni kilele kwenye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Wengi wetu tunaiona milima hiyo dirishani, basi likielekea Ifakara: kushoto miwa, kulia ukuta wa kijani ambao kichwa chake kiko mawinguni. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na humo hakuna kuzungushwa kwa gari kama Mikumi. Ni miguu yako. Njia ya Mwanihana ni kilomita 38 kwenda na kurudi, siku tatu, usiku mbili kwenye hema, na lazima uongozane na askari mwenye bunduki kwa sababu ya tembo na nyati.

Tulifika Mang'ula, penye lango la hifadhi, siku moja kabla, tukaenda kwanza maporomoko ya Sanje kujaribu mabegi. Maji yanashuka kwa ngazi tatu, jumla kama mita 170. Ukisimama chini shati linalowa kwa mvuke tu. Jioni nililipima begi langu kwenye mizani ya muuza mchele: kilo 14. Nusu ya hema, sufuria, jiko dogo la gesi, mchele, dagaa, unga wa uji, karanga, maji lita tatu, nguo. Na kibweta changu cha uzi na sindano, ambacho mdogo wangu alikitoa mara mbili na mimi nikakirudisha mara mbili.

Mkanda wa kulia nilikuwa nimeuimarisha nyumbani. Wa kushoto niliuacha ulivyotoka kiwandani, maana ule huwa hauchaniki.

Siku ya kwanza ni kupanda, basi. Unaanzia kwenye joto la bonde la Kilombero, kama mita 300 tu kutoka usawa wa bahari, na kilele kiko mita 2,150. Msitu haukatiki. Ni sehemu chache sana Afrika Mashariki ambako miti inashikana hivyo kutoka bondeni hadi juu, na hilo unalijua kwa mwili: asubuhi jasho linachuruzika kwenye nyusi, mchana hewa inapoa, jioni shina la mti ukiliegemea mkono unazama kwenye kuvumwani iliyolowa. Njia yenyewe mahali pengine ni ya tembo. Wao wanajua kupunguza mwinuko kuliko sisi.

Njia nzima kidole gumba changu kilikuwa kwenye mshono, begani. Nilitaka kuhisi unavutwa lini. Niligundua haraka kwamba nilipofunga mkanda wa kiunoni vizuri, juu ya nyonga na si tumboni, mikanda ya mabega ililegea karibu kabisa. Nilipouachia, uzito wote ulipanda begani. Nikakumbuka mabegi yote niliyoshona ambayo ule mkanda wa kiuno ulikuwa mpya kabisa, haujawahi kufungwa. Nikahamisha pia mchele na maji, nikavileta karibu na uti wa mgongo. Vilipokuwa mbali, kwenye mfuko wa nje, begi lilikuwa linanivuta kwa nyuma, na kamba inayolizuia lisianguke ni ileile ya juu.

Katikati ya mchana Afande akasimama, akainua mkono. Sauti ilitoka bondeni, ya kupanda na kugugumia, mara tatu. "Ngolaga," akasema. Ni kima wa Udzungwa tu, haishi kwingine duniani. Watafiti walimtambua mwaka 1979, na walianza kwa kumsikia hivihivi kabla hawajamwona, wakati wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Sisi hatukumwona. Mbega wekundu ndio tuliwaona, wamejaa mti mzima, mmoja anatutazama huku anatafuna.

Kilele tulikifikia siku ya pili asubuhi na tulipata ukungu. Nilikaa juu ya jiwe nikala karanga. Nilifurahi sana, sina cha kuongeza.

Kushuka ndiko kulikonifundisha. Tulikuwa tumeteremka saa mbili hivi, njia ina utelezi, fimbo nimeishika mkono wa kulia. Kila hatua kubwa natanguliza fimbo, kisha natua na mguu wa kushoto, na begi linatua baada yangu, puu, begani kushoto. Sijui mara ngapi. Mara nikasikia kitambaa kikilia, na begi likainama upande mmoja. Mkanda wa kushoto. Ule usiochanika.

Mdogo wangu alitaka tugawane vitu vyangu. Afande akasema, "Dada fundi, kambi si mbali, tufunge kamba." Tukafunga kamba, tukafika.

Baada ya kula niliwasha tochi ya kichwani nikaangalia jeraha. Uzi ulikuwa mzima! Haukukatika hata mmoja. Kilichochanika ni kitambaa, kimefuata matundu ya sindano moja baada ya jingine, kama karatasi ya stempu. Mashine ilikuwa imepiga mishono mingi, midogo, imebanana mahali pamoja, ikakitoboa kitambaa mpaka kikakosa nguvu. Na mimi miaka yote nilikuwa natibu ugonjwa huo kwa kuongeza matundu mengine.

Nikakata pembe ya mfuko wa hema, turubai nzuri, kiraka cha upana wa kiganja. Nikakiweka kwa ndani ili mvuto usambae kwenye kitambaa kizima, nikaanza kushona kwa sindano ya magunia, hatua ndefu, nafasi kubwa. Nilikuwa nusu ya kazi Afande aliposema kwa sauti ya chini, "Zima tochi."

Tawi lilivunjika. Kisha jingine, karibu zaidi. Halafu ikaja ile sauti ya tumbo, nzito, ambayo huisikii masikioni tu bali ardhini ulipokaa. Hakuna aliyesema neno. Tembo. Harufu yao ilifika, ya zizi na majani mabichi. Mdogo wangu alikuwa amenishika kifundo cha mguu kama alivyokuwa akifanya utotoni radi ikipiga. Mimi nilikuwa na sindano mkononi, uzi umeingia nusu, na sikuweza kukaa bure. Nikatafuta ukingo wa kiraka kwa kidole, nikachoma, nikavuta uzi polepole usipige kelele. Nikachoma tena. Walikula pale muda mrefu, wakavuta magome, mmoja akapumua kwa nguvu, na mimi nilishona gizani hadi mikono ikaacha kutetemeka. Walipoondoka hatukusikia hatua. Tulisikia tu matawi yakivunjika mbali zaidi, kisha kijito.

Asubuhi kulikuwa na kinyesi hatua ishirini hivi kutoka hema letu, bado kibichi. Nililivaa begi, nikafunga kiuno, nikashuka mpaka Mang'ula nikibadilisha mkono wa fimbo kila baada ya muda. Kiraka hakikusogea.

Sasa begi linaning'inia ukutani hapa kazini. Wateja wanaoleta ya kwao nawaonyesha kiraka kwanza, kwa ndani, ndipo tunapatana. Wakiuliza kwa nini mishono kumi na moja ya katikati imepinda hivyo, nawasimulia. Sijaifumua.