Shemeji, kondoo wa sufu hapana

Mbukwenyi wote. Leo naandika nikiwa na kinyongo, kwa hiyo mnivumilie.

Kwenye grupu la ukoo yupo shemeji yangu wa Kibaigwa, mtu wa mahindi, hajawahi kulaza hata mbuzi mmoja zizini. Juzi ameandika mbele ya wazee kwamba mimi ni mchoyo. Kosa langu ni kwamba nafanya kazi kwenye shamba la kondoo huku Wales, Uingereza, na nimekataa kumtafutia "mbegu ya kondoo wa sufu" aje awafuge kwetu Mlali, Kongwa, anyoe, afume masweta, auze Dodoma mjini na Arusha. Hesabu ameshapiga. Aliona sweta la sufu mtandaoni, pauni 80, akazidisha kwa shilingi, akaona kila kondoo wa huku anatembea na laki mbili na nusu mgongoni. Wazee wakanyamaza. Ukimya wa wazee wa Kigogo mnaujua, si wa kukutetea.

Basi sikilizeni bei. Kondoo wa milima ya huku akinyolewa anatoa kama kilo mbili za sufu. Ni sufu ngumu, inawasha, nyingi inaishia kwenye mazulia. Yale masweta laini ya dukani ni ya merino, kondoo wa sufu laini, na merino kwa sehemu kubwa inatoka Australia. Hii Wales ina kondoo wapatao milioni 9 na watu milioni 3 na kitu, na bado unaweza kununua sweta ambalo halina hata unywele mmoja wa kondoo wa jirani. Mwaka 2020 bei ilianguka mpaka wakulima wengine wakaichoma sufu yao au wakaigeuza mboji. Imeinuka kidogo baada ya hapo, lakini hapa kwetu msimu uliopita mnyoaji alichukua pauni moja na nusu kwa kichwa, na sufu ya kichwa hicho haikuirudisha hela hiyo. Unamlipa fundi amvue kondoo koti, halafu koti lenyewe halifikii ujira wa kulivua.

Kwa nini wananyoa basi? Kwa sababu usiponyoa anakufa. Joto la Juni likiingia, nzi wanataga pale sufu ilipolowa mkojo na mavi, na haichukui hata siku mbili mayai yamekuwa funza wanaomla mnyama akiwa hai. Nilimkamata mmoja aliyekuwa anapiga miguu chini na kujing'ata kiunoni. Kwa nje sufu nyeupe, safi, hata kumpiga picha ungempiga. Nikaipanua kwa vidole: ngozi haionekani kwa funza, na harufu yake sikuitoa puani siku nzima. Halafu kuna hili la kulala chali. Kondoo mwenye sufu nzito au mimba akipinduka hainuki tena mwenyewe, tumbo linajaa gesi, na kunguru hawasubiri akate roho, wanaanza na macho. Ndiyo maana kila alfajiri nazunguka malisho yote kutafuta miguu iliyoelekea mbinguni.

Siku ya kunyoa mimi ndiye mkunjaji. Mnyoaji mzuri anapita kondoo 200 kwa siku, na mimi natakiwa niende naye sambamba. Sufu inatoka kipande kimoja, bado ina joto la mnyama. Naitandaza upande wa ngozini uwe chini, natoa vibonge vya mavi na majani, nakunja mbavu zote mbili zikutane katikati, naiviringisha kuanzia matakoni kwenda shingoni, naitupia kwenye gunia lililoning'inizwa, refu kunipita. Likijaa nusu naingia humo ndani nakanyaga. Jioni mafuta ya sufu yamenilainisha mikono mpaka kifuniko cha chupa kinateleza, ila mgongo haunyooki. Na hayo yote ni kondoo wakiwa wakavu. Mvua ikinyesha, na hapa inanyesha kweli, mnyoaji anageuza gari na wewe unabaki unaangalia mawingu.

Sasa mchukue mnyama huyo umpeleke Kongwa. Mvua ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, milimita mia tano na ushee, na kuna miaka hata hizo zinatunyima. Migunga na miiba yake. Ikifika Oktoba sufu hiyo itakuwa imezoa kila mbigili na kila vumbi la wilaya, na maji ya kuiosha ni yale yale tunayogombea na ng'ombe. Minyoo ndiyo usiseme. Huku tunapima mavi, tunanywesha dawa, na minyoo imeanza kuzizoea dawa zenyewe. Yule kondoo mwekundu wa Kimasai tunayemwita wa kienyeji kwa kumdharau amefanyiwa utafiti Kenya miaka mingi, kwa sababu anaihimili ile minyoo inayonyonya damu tumboni kuliko kondoo wa kuletwa. Najua mtaniambia Molo, huko huko Kenya, wana kondoo wa sufu. Wanao. Molo kuna baridi na mvua, si kama kwetu Pandambili.

Na mkia! Mwanakondoo wa huku anazaliwa na mkia mrefu, mwembamba. Kabla hajamaliza wiki anavalishwa kimpira, damu inakatika, mkia unakauka na kudondoka malishoni, ili baadaye mavi yasigande kwenye sufu. Nilipovalisha wa kwanza nilimkumbuka bibi yangu, aliyekuwa na kibuyu cha mafuta ya mkia, ya kupaka watoto na ya kumwekea mzazi kwenye uji. Kwetu mnadani Msalato mnunuzi anautia mkia kiganjani kwanza ndipo aulize bei. Huku nauokota kwenye nyasi umekauka, naurusha ng'ambo ya ua.

Nisije nikaonekana nasema sufu ni takataka. Mama mzazi wa bosi, bibi wa miaka themanini na kitu, kila mwaka anajitengea sufu za wale kondoo weusi kabla hazijaingia gunia. Anailoweka kwenye maji ya moto bila kuikoroga, maana ukiikoroga inashikamana na haisokoteki tena. Anaikausha, anaichana kwa brashi mbili za meno ya waya, kisha anaisokota kwa gurudumu la kukanyaga huku anatazama raga na kumtukana mwamuzi kwa Kiwelshi. Kitita kimoja cha uzi wake kinauzwa pauni kumi na kitu. Mwanangu alipozaliwa alituletea soksi na kofia, akavigonga mezani, akasema vina joto kuliko vya dukani, akaondoka bila kunywa chai. Mke wangu alilia. Kwa hiyo pesa ya sufu ipo, shemeji, ila imo kwenye vidole vya bibi huyu, na ukizihesabu saa zake anapata chini ya mbeba zege wa Ihumwa.

Na hapa niwajibu nyie mnaonifuata faragha mkiulizia kazi huku. Mimi sikuletwa na kondoo. Mke wangu ni muuguzi, viza ni yake, mimi nimekuja kama tegemezi wake, na kazi ya kondoo nimeikuta kijijini kwa kuuliza mlango kwa mlango. Wanaoulizia kazi ya kulea wazee: tangu Machi 2024 hawaruhusiwi kuja na mwenza wala watoto, na tangu Julai 2025 mlango wenyewe umefungwa kwa wanaoajiriwa wakiwa nje ya nchi. Viza ya msimu ni ya mashamba ya matunda na mboga, na kuku kabla ya Krismasi. Haizidi miezi sita na haina habari na kondoo. Ukikutana Dar na mtu anayekuahidi "kazi ya kondoo Uingereza" kwa milioni nane, mwulize karatasi ya mwajiri mwenye leseni ya kuajiri wageni. Akianza hadithi, rudi ukapande alizeti. Kima cha chini kilifika pauni 12.21 kwa saa Aprili 2025. Msizidishe kwa shilingi bila kutoa kodi ya nyumba, umeme wa Januari na gari, maana huku mlimani hakuna bodaboda ya kukuokoa.

Shemeji akitaka biashara ya kondoo kweli, atazame ngozi. Kondoo wasio na sufu kama wetu wana ngozi nyembamba, imara, yenye nyuzi zilizobanana, ndiyo inayotakiwa kwa glovu nzuri. Ya kondoo wa sufu imejaa vinyweleo na mafuta, haishiki vile. Sisi kondoo akichinjwa ngozi inachanwachanwa kwa kisu, inaanikwa juani juu ya mchanga mpaka inakuwa ubao, au wanapewa mbwa. Chumvi, kivuli, kisu kisichotoboa: hivyo havihitaji viza wala mbegu ya mtu.

Na kama bado ananiona mchoyo, kuna jambo halijui. Huku wenyewe wanazikimbia sufu zao. Kisiwani Anglesey, hapa hapa Wales, tangu miaka ya 1960, kuna mfugaji aliyechanganya mbegu mpaka akapata kondoo anayejivua manyoya mwenyewe kila mwaka, hanyolewi, na leo aina hiyo imesambaa Uingereza. Bosi wangu amenunua dume mmoja mwaka huu. Majirani wanamcheka, wanasema ameleta mbuzi. Nikamwonyesha picha za kondoo wa baba pale Mlali, akazikuza kwenye simu kwa vidole viwili, akauliza mnyoaji wetu anachukua shilingi ngapi. Nikamwambia hatuna mnyoaji. Akauliza dawa za funza tunanunua mara ngapi kwa mwaka. Nikamwambia kondoo wa baba sijamwona na funza hao. Akakaa kimya, kisha akauliza kama kuna namna ya kuwasafirisha.