Nimeamka usiku wote huu kwa ajili ya hili?

Jamani, macho yangu mekundu kama pilipili.

Nilitega alamu ya saa kumi kasoro alfajiri nimwone Trump na Biden mubashara kutoka Cleveland. Mdahalo wao wa kwanza wa urais wa 2020, nikasema leo nitasikia hoja.

Wapi!

Kila mmoja kapewa dakika 2 za kujibu bila kukatizwa. Hata haziishi, Trump kashadakia. Chris Wallace, mwendeshaji, anaita "Mheshimiwa Rais, Mheshimiwa Rais", ni kama anaongea na ukuta. Mpaka uvumilivu ukamshinda Biden, akamwambia mwenzake anyamaze.

Mama akatoka chumbani, kanga begani, anaenda kutawadha. Kiingereza hajui hata neno. Akasimama nyuma ya kochi, akatazama weee, kisha:

"Hawa wanagombea shamba?"

Nikamwambia urais, mama. Wa Marekani.

Akatazama tena.

"Na yule mwenye makaratasi ndiye mjumbe wa nyumba kumi? Maskini."

Chai yote imeishia kwenye zulia.

Nani mwingine kakesha? Dakika 90 zile mmeokota nini? Mimi nimeokota shamba tu 😂