Msimbo unaogawiwa bila maelezo yake

Vipande vya msimbo, yaani maandishi ya programu, ninavyovitumia mara kwa mara huvihifadhi katika faili za maandishi matupu, na mwenzangu anaponiuliza jambo ambalo tayari nina jibu lake, humtumia kipande husika badala ya kulieleza upya. Kadiri hazina hiyo inavyokua, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba msimbo wenyewe ndio sehemu rahisi ya kugawana. Ugumu uko katika yale yanayouzunguka: ulijaribiwa kwenye mfumo gani, kwa toleo lipi, na ulikusudiwa kutatua tatizo gani hasa.

Tuchukue amri ya sed, ambayo wengi wetu huitumia kubadilisha neno ndani ya faili. Kwenye Linux, sed -i 's/zamani/mpya/' orodha.txt hutekeleza kazi hiyo papo hapo. Amri hiyo hiyo ikipelekwa kwenye macOS, mfumo wa kompyuta za Mac, ambako sed ni ya ukoo mwingine, wa BSD, hukwama, kwa kuwa huko -i ni lazima ifuatwe na kiishio cha jina la nakala ya akiba. Kwa hiyo sed huyachukua maelekezo ya kubadilisha neno kana kwamba ndiyo kiishio hicho, kisha hulisoma jina la faili kama amri, na mwishowe hulalamikia herufi ya kwanza ya jina hilo. Aliyeipokea amri ataukagua ujumbe huo wa kosa kwa muda mrefu bila kuona uhusiano wowote kati yake na chanzo cha tatizo. Tiba ni kuongeza alama mbili tupu za nukuu baada ya -i, yaani sed -i '' 's/zamani/mpya/' orodha.txt, lakini tiba hiyo nayo huiharibu amri kwenye Linux. Maneno machache tu, "imejaribiwa kwa GNU sed" (yaani sed ya Linux), yangetosha kumwonya msomaji.

Maelezo yanayosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni yale ya mipaka. Mtu aliyepoteza komiti zake (hatua za mabadiliko alizohifadhi) katika Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, huambiwa atumie git reflog, amri inayoonyesha kumbukumbu ya hatua zake za karibuni, na ushauri huo ni sahihi. Anachokosa kuambiwa ni kwamba kumbukumbu hiyo imo katika kompyuta yake pekee, kwamba haiwezi kurudisha mabadiliko ambayo hayakuwahi kuingizwa katika Git, na kwamba kwa mipangilio ya kawaida kumbukumbu za komiti zisizofikika tena kutoka kwenye tawi husika (mkondo wa kazi zilimokuwa) huruhusiwa kufutwa baada ya siku 30, ilhali nyingine hukaa siku 90. Mtu mwenye hofu ya kupoteza kazi yake anayahitaji maelezo hayo kuliko anavyoihitaji amri yenyewe, ambayo angeipata popote.

Kuna pia suala la chanzo, ambalo wengi hulichukulia kama adabu tu. Mwaka 2010 mwanaprogramu mmoja aliweka kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya wanaprogramu, jibu la lugha ya programu ya Java la kuonyesha idadi ya baiti kwa namna inayosomeka kirahisi, na baadaye likabainika kuwa miongoni mwa majibu yaliyonakiliwa sana kutoka kwenye tovuti hiyo. Mwaka 2019 yeye mwenyewe alieleza hadharani kwamba lilikuwa na hitilafu: baiti 999,999 zilionyeshwa kama 1000.0 kB badala ya 1.0 MB. Jibu la asili lilisahihishwa, lakini nakala zilizokwisha kusambaa katika programu za watu hazikuweza kujisahihisha, na pale ambapo aliyenakili hakuacha kiungo, anayetunza programu hiyo leo hana njia ya kujua kwamba kuna marekebisho. Leseni ya CC BY-SA, yaani masharti ya kutumia kazi ya mwingine, inayotumika huko inadai mwandishi atajwe. Mimi ningemtaja hata kama isingedai, kwa sababu kiungo hicho ndicho kitakachonirudisha kwenye toleo lililosahihishwa.

Kuhusu nywila na funguo za siri sina mengi: zitolewe kabla kipande hakijatumwa, na zikishapenya kwenye historia ya Git zibadilishwe mara moja, kwani kuzifuta kwa komiti mpya hakuziondoi katika zile za zamani.

Umbo la ujumbe nalo lina madhara yake. Picha ya skrini haiwezi kunakiliwa wala kutafutwa kwa urahisi, na baadhi ya programu za ujumbe hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, au vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu, hivyo amri inayoonekana sawa machoni hukataliwa na terminali, dirisha la kuandikia amri. (Ujumbe wa kosa ninautaka kama maandishi, tena mzima, maana sababu halisi mara nyingi imo katika mstari ambao mtumaji aliuona hauna maana akaukata.)

Siku hizi kila kidokezo changu huanza na tarehe na toleo, halafu tatizo, halafu ndipo msimbo. Vile vya Python 2, toleo la zamani la lugha ya programu ya Python, ambayo ilikoma kutunzwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, nimevitenga katika folda yao badala ya kuvifuta, kwa kuwa bado huniuliza mtu anayetunza mfumo wa zamani usioweza kuhamishwa upesi, na kwake print, amri ya kuonyesha maandishi, isiyo na mabano ndiyo inayofanya kazi.