Madirisha ya Danieli na chumba cha Berlin

Somo: Danieli 6:10

Danieli alikuwa mwanafunzi ugenini. Alichukuliwa mateka hadi Babeli angali kijana, akapangiwa miaka mitatu ya kujifunza elimu na lugha ya Wakaldayo, muda uleule wa shahada ya kwanza katika vyuo vingi vya Ujerumani leo. Miaka mingi baadaye, enzi ya Dario, tunamkuta chumbani, madirisha yakielekea Yerusalemu, akipiga magoti mara tatu kila siku, "kama vile alivyokuwa akifanya tokea hapo." Mazoea yalikuwapo kabla ya amri ya mfalme iliyokataza kumwomba yeyote ila mfalme mwenyewe. Na kuelekea Yerusalemu hakukuwa bahati: Sulemani, akiliweka wakfu hekalu, aliwaombea watakaotekwa ili wakiomba kuelekea nchi yao wasikiwe (1 Wafalme 8:46-49).

Sasa tuingie katika chumba cha mwanafunzi Berlin, Desemba. Jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, linazama kabla ya saa kumi jioni. Aliyetoka Mwanza au Mombasa hulifunga dirisha Oktoba na hatamani kuligusa hadi Aprili. Shida inaanzia hapo. Nyumba nyingi za kwetu zinapumua zenyewe. Dirisha la huko lina vioo viwili na mpira pembeni, upepo haupenyi. Pumzi ya usiku kucha, sufuria ya maharage, nguo zilizoanikwa kando ya kitanda: mvuke wote unabaki ndani, unatafuta penye baridi, yaani ukuta wa nje, na kugeuka maji kama yale ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Wiki chache tu, ukungu mweusi umeota nyuma ya kabati. Kifua kinabana, na siku ya kuhama mwenye nyumba anakata dipoziti, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu.

Dawa yake Wajerumani wanaiita Stoßlüften, yaani kufungua dirisha wazi kwa dakika chache ili hewa yote ibadilike. Punguza hita kabisa. Geuza mpini wa dirisha ulale kando (ukitazama juu, dirisha linainama tu), kisha fungua wazi. Baridi ikiwa kali, dakika 5 zinatosha, ikipungua, 10. Funga, rudisha hita kwenye namba 3, kama nyuzi 20. Kuiweka 5 hakuharakishi joto. Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha dirisha limeinama kutwa: hewa inabadilika polepole mno, ukuta unaozunguka fremu unapoa, na ukungu unaota palepale. Kabati likae sentimita 5 hadi 10 mbali na ukuta wa nje. Kipima unyevu kikiwapo, kisome kati ya asilimia 40 na 60.

Inatakiwa mara ngapi? Mara tatu hivi kwa siku.

Wapendwa, sala ugenini mara nyingi haifi kwa mtu kuikana imani. Inakufa kwa kukosa saa yake. Nyumbani kengele ya kanisa, adhana ya msikiti wa jirani na mama anayegonga mlango vilitushikia saa hiyo. Berlin hakuna anayegonga. Basi dirisha lishike saa. Asubuhi vaa sweta, fungua, soma Zaburi ya 121. Ina mistari 8, utaimaliza hewa ikiwa bado inabadilika. Mara ya pili ni ukirudi kutoka darasani, kabla ya kuwasha jiko, na sala yake iwe ya shukrani tu, hata siku ambayo mhadhara wa Kijerumani ulipita bila kueleweka.

Ya jioni ndiyo tamu. Wakati wa baridi, saa kumi na mbili jioni Berlin ni saa mbili usiku Dar es Salaam na Nairobi, saa ya ibada katika familia nyingi. Jumapili ya mwisho ya Machi saa za Ulaya zinasogezwa mbele, tofauti inabaki saa moja, kwa hiyo fungua saa moja jioni. Nyumbani ni upande wa kusini, ukivuta kidogo mashariki. Kama dirisha lako linatazama kaskazini, omba hivyo hivyo. Mpe mama ratiba hiyo, mkubaliane zaburi, naye aanze muda uleule unaogeuza mpini.

Juma hili, dirisha la jioni tulifungue tukiwataja kwa majina vijana wetu walio katika baridi yao ya kwanza.