Malasada za leo

Jamani, leo nyumba nzima inanukia hamira na mafuta ya moto!

Nimekaanga malasada, maandazi ya Wareno wa visiwa vya Azores na Madeira. Hapa New Bedford, Massachusetts, Wareno wamejaa, na kabla ya Kwaresima ndizo zinazokaangwa. Zamani ilikuwa namna ya kumaliza mayai na mafuta kabla ya mfungo.

Jirani yangu, mama mtu mzima wa Azores, ndiye aliyekuja kunielekeza.

Unga wa ngano, hamira, mayai mengi, siagi, maziwa vuguvugu, maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Iliki hakuna. Donge linakuwa laini, linanata, kifimbo cha chapati hakina kazi.

Sasa mngeiona mikono yake!

Analowesha vidole kwa maziwa, anachukua donge, analivuta taratibu huku analizungusha, mpaka katikati panakuwa pembamba hata unaona kivuli cha vidole. Kingo anaziacha nene. Likigusa mafuta linafura papo hapo. Likitoka, moja kwa moja kwenye sukari, bado la moto.

"Vuta, binti, usiogope," akaniambia.

Nikavuta. Likakaa sawa. Akanipigapiga begani, na machozi yakanilengalenga. Tangu nihame Tanga sijasimama jikoni na mama akinielekeza hivi.

Mimi nazila na chai ya rangi yenye tangawizi. Nyie mngezishushia na nini? Na nyumbani kwenu nani alikufundisha kukaanga maandazi?